Kuendesha mifumo juu ya programu huria: jua ulichonacho, kifunge, uweze kuhama

Mradi wa kawaida wa wavuti ulioandikwa kwa JavaScript hutaja vifurushi (msimbo ulioandikwa na wengine) thelathini au arobaini kwenye faili la package.json. Ukifungua folda ya node_modules na kuhesabu vilivyoingia kweli, unakuta mamia, na mara nyingi vinapita elfu. Vile vya juu umevichagua mwenyewe. Vilivyobaki vimevutwa na vingine, na kila kimoja kina mtu nyuma yake ambaye hujawahi kumwandikia wala kumlipa. Uzoefu wa kutunza mifumo ya aina hii umenionyesha kwamba pigo kubwa ni nadra kutoka kwenye msimbo ulioandikwa ndani ya ofisi. Hutoka huko chini: leseni imebadilishwa, mtunzaji amechoka akaacha, au mhalifu ameingia katikati ya mwandishi na mtumiaji. Tangu 2023 yote hayo yametokea kwa miradi mikubwa, na aliyekuwa amejipanga alimaliza kazi kwa mchana mmoja pale ambapo mwenzake alihangaika wiki nzima.

Nianze na leseni, maana ndiyo inayowashtua watu wengi na ndiyo isiyohitaji haraka.

Redis, hifadhidata inayoweka data zake kwenye kumbukumbu ya mashine, ilianza 2009, ikitolewa chini ya leseni ya BSD inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuiuza. Machi 2024 kampuni yenye Redis ilitangaza kwamba kuanzia toleo la 7.4 msimbo utatolewa chini ya RSALv2 na SSPL, leseni ambazo hazimo kwenye orodha ya leseni huria za Open Source Initiative. Kabla mwezi haujaisha, wachangiaji kadhaa wakubwa walikuwa wamechukua msimbo wa 7.2.4 na kuanzisha Valkey chini ya Linux Foundation. Mei 2025 Redis 8 ikatoka ikiwa na AGPL kama chaguo la tatu, kwa hiyo ni huria tena, ila Valkey ilikuwa imeshajitegemea. Terraform, zana ya kupanga miundombinu kwa msimbo, iliwahi kupita njia hiyo: Agosti 2023 ilitoka kwenye leseni huria ya MPL 2.0 ikaingia BSL isiyo huria, na Januari 2024 OpenTofu 1.6 ikatoka kama mbadala. Elasticsearch, injini ya utafutaji, iliacha leseni ya Apache 2.0 mwaka 2021, ikazaa OpenSearch, kisha 2024 ikaongeza AGPL.

Ukiangalia miradi hiyo utaona kinachofanana: kampuni moja ndiyo iliyoshika usukani. Kwa hiyo kabla sijaweka programu yoyote mahali ambapo kuitoa kutaumiza, nauliza haki za msimbo ziko kwa nani, na mishahara ya wanaouandika inatoka kwa kampuni ngapi. Kiini cha Linux kiko chini ya GPLv2 na kila mchangiaji amebaki na haki zake. Ni maelfu ya watu, na hakuna awezaye kuwakusanya wote wakubali leseni mpya. Mradi unaomtaka kila mchangiaji asaini mkataba wa kuipa kampuni mamlaka juu ya kazi yake unaweza kubadilishwa asubuhi moja. Leseni laini kama BSD na MIT nazo hazimzuii mwenye mradi kuweka kazi yake mpya chini ya masharti mengine. Asichoweza ni kukunyang'anya kilichokwisha kutolewa. Toleo lililotoka chini ya BSD litabaki BSD daima, na hiyo ndiyo sababu ya kutokimbilia kuhama usiku uleule wa tangazo. Kinachokuhesabia muda ni marekebisho ya usalama: siku yatakapoacha kuja kwa toleo la zamani, ndiyo siku ya kuwa umeshaondoka.

Ni vizuri pia kusoma masharti yenyewe kabla ya kufuata kelele. Anayetumia Redis ndani ya mfumo wake kuhifadhi data za muda hakukatazwa kitu na mabadiliko yale. Yaliwalenga wanaoiuza kama huduma. Lakini hata kama leseni haikugusi, wasimamizi wa mifumo ya uendeshaji watakugusa. Fedora iliitoa Redis na kuweka Valkey kuanzia toleo lake la 41, kwa hiyo aliyepandisha seva bila kusoma maelezo alikutana na jina jipya.

Kuhama kutoka Redis kwenda Valkey bila kupoteza data

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maelekezo mengi yanasema tu kwamba Valkey inachukua nafasi ya Redis moja kwa moja. Ni kweli kwa sehemu. Kwanza endesha INFO server kwenye seva ya zamani usome redis_version. Ikiwa ni 7.2 au chini yake, njia imenyooka. Ikiwa ni 7.4 au zaidi, faili la RDB (picha ya data kwenye diski) linaandikwa kwa muundo namba 12 au zaidi, ambao kwa chaguo-msingi Valkey haiusomi. Itakataa kuwaka na kusema haiwezi kushughulikia toleo hilo la RDB. Wengi hufikiri watapita kwa DUMP na RESTORE, amri za kutoa ufunguo mmoja na kuurudisha, lakini data ya DUMP nayo hubeba namba ya muundo, hivyo RESTORE itakataa vilevile. Hapo inabaki kutumia zana inayosoma kila ufunguo kwa amri za kawaida na kuuandika upya upande wa pili, na kazi hiyo ni ndefu. Hii ndiyo sababu ya kutopandisha toleo kubwa la programu iliyo kwenye mgogoro wa leseni mpaka uwe umeamua unaelekea wapi.

Amri ya pili ni MODULE LIST. Ikirudi tupu, endelea. Ikionyesha moduli ya JSON au ya utafutaji, simama kwanza uhakikishe kwamba upande mpya una mbadala unaoelewa amri zako, kwa sababu data za moduli hazisomeki bila moduli yenyewe.

Weka Valkey kwenye mashine nyingine au, ikibidi, kwenye bandari 6380 ya mashine ileile. Usanidi hauhami pamoja na data, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Watumiaji wa ACL (orodha ya ruhusa) hawahami, requirepass haihami, appendonly haihami, wala maxmemory. Hii ya mwisho ina madhara yanayochelewa: kwenye mashine ya biti 64 chaguo-msingi ni kutokuwa na kikomo, kwa hiyo seva mpya itaonekana nzima kwa siku kadhaa huku ikijaza RAM, mpaka mfumo wa uendeshaji uiue. Nakili maxmemory na maxmemory-policy kwa mkono kutoka CONFIG GET ya seva ya zamani.

Sasa iambie seva mpya ifuate ya zamani: weka masterauth kama kuna nywila, kisha REPLICAOF ikifuatiwa na anwani na bandari ya zamani. Seva ya zamani itajigawa ili kuandika picha ya data yake, na wakati huo kila ukurasa wa kumbukumbu unaobadilishwa unanakiliwa. Ikiwa maandishi (data zinazoandikwa na programu wakati huo) ni mengi, matumizi ya RAM yanaweza kukaribia mara mbili. Seva yenye GB 16 za RAM na data ya GB 12 haina nafasi hiyo, na itauawa katikati ya kazi. Punguza maandishi kwanza au ongeza RAM. Hakikisha pia vm.overcommit_memory ni 1 kwenye Linux, la sivyo huko kujigawa kunaweza kukataliwa hata kama nafasi ipo.

Tazama INFO replication upande mpya. Unachotaka ni master_link_status:up na master_sync_in_progress:0. Tatizo la kawaida ni usawazishaji kufika karibu na mwisho, ukakatika, ukaanza upya bila kukoma. Chanzo chake mara nyingi ni kikomo cha bafa ya seva inayofuata: kwa chaguo-msingi ni MB 256, au MB 64 zikidumu kwa sekunde 60. Wakati picha inasafirishwa, maandishi mapya yanajikusanya kwenye bafa hiyo. Ikijaa, muunganisho unakatwa. Panua kwa muda kwenye seva ya zamani kwa CONFIG SET client-output-buffer-limit "replica 1gb 512mb 120" na ufanye kazi hii saa ambazo watumiaji ni wachache.

Muunganisho ukitulia, linganisha DBSIZE pande zote mbili. Tofauti ndogo inaweza kutokana na funguo zinazokwisha muda, hiyo isikutie hofu. Tofauti ya maelfu inataka uchunguzi.

Siku ya kubadili, zuia maandishi kwenye seva ya zamani kwa CLIENT PAUSE 60000 WRITE, yaani sekunde 60. Linganisha master_repl_offset ya zamani na slave_repl_offset ya mpya. Zikiwa sawa, endesha REPLICAOF NO ONE upande mpya na uelekeze programu kwenye anwani mpya. Kisha kabla sekunde 60 hazijaisha, izime seva ya zamani kwa SHUTDOWN. Usiiache ikiwaka. Miunganisho iliyokuwa imezuiwa bado inasubiri, na kizuizi kikiisha itaandika kwenye seva ambayo hakuna anayeisoma tena. Data hiyo inapotea bila kosa lolote kuonekana kwenye logi, na utaijua tu mteja atakapolalamika.

Jambo la mwisho ni hati za Lua, programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya seva. Akiba ya hati haihamishwi, kwa hiyo programu inayoita hati iliyo kwenye akiba kwa amri ya EVALSHA itajibiwa NOSCRIPT. Maktaba nyingi zinajua kurudia kwa EVAL zenyewe. Msimbo ulioandikwa kwa mkono mara nyingi haujui, na hujulikana pale foleni ya kazi inaposimama. Tafuta neno EVALSHA kwenye msimbo wako kabla ya siku ya kuhama. Na uamue mapema utarudi vipi mambo yakiharibika: kwa data za muda ni kuiwasha seva ya zamani na kurudisha anwani tu, lakini kwa foleni na vipindi vya watumiaji kila dakika inayopita upande mpya inafanya nakala ya zamani izidi kupitwa na wakati.

Mhalifu akiingia kwenye kifurushi

Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kwenye npm, hazina ya umma ya vifurushi vya JavaScript, kifurushi chake cha left-pad, chenye mistari 11 tu, na ujenzi wa miradi mingi duniani ukasimama. Siku zile tulidhani hatari ni kifurushi kutoweka. Sasa hatari kubwa ni kifurushi kubaki palepale kikiwa na kitu kilichoongezwa.

Tarehe 8 Septemba 2025 mtunzaji wa vifurushi vinavyotumika sana, vikiwemo chalk na debug, alipokea barua pepe iliyojifanya imetoka npm ikimtaka asasishe uthibitisho wake wa hatua mbili. Akaingia kwenye ukurasa wa kughushi, na akaunti ikachukuliwa. Matoleo yenye msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali yalikuwa hewani kwa takriban saa mbili. Siku chache baadaye likaja wimbi la Shai-Hulud, programu inayojisambaza yenyewe: inatafuta tokeni na siri kwenye mashine ya mwandishi, kisha inatumia tokeni ya npm iliyoipata kuchapisha nakala yake ndani ya vifurushi vingine vya mtu huyohuyo. Novemba 2025 ikarudi, safari hii ikitumia hati ya preinstall ili ifanye kazi hata kabla usakinishaji haujakamilika.

Nani aliumia kwenye tukio la tarehe 8? Waliojenga mradi katika saa zile bila kufungwa na faili la matoleo. Amri ya npm install inaweza kubadilisha package-lock.json pale ambapo package.json hailingani nalo, na mradi usio na faili hilo kabisa huchukua toleo jipya zaidi linaloruhusiwa. Amri ya npm ci inasoma faili lile tu, inalinganisha hashi ya kila kifurushi (alama inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo), na inakataa kuendelea kukiwa na tofauti. Kwenye seva ya ujenzi tumia npm ci peke yake. Nimeona miradi ambayo package-lock.json limewekwa ndani ya .gitignore kwa sababu lilikuwa linaleta migongano wakati wa kuunganisha matawi. Mgongano huo unatatuliwa kwa kuchukua faili la tawi kuu na kuendesha npm install tena. Kulitupa faili ni kuutupa ulinzi wote.

Kwa Python, kuandika requests==2.32.3 kunafunga namba ya toleo lakini hakufungi faili lenyewe. Tengeneza orodha kwa pip-compile --generate-hashes, kisha usakinishe kwa pip install --require-hashes -r requirements.txt. Ukikosa hashi ya kitegemezi kimoja tu, pip itakataa vyote, na hilo ni jambo jema.

Hatua inayofuata ni kuzima hati za usakinishaji kwa kuandika ignore-scripts=true kwenye .npmrc. Hii ingelizuia wimbi la Novemba. Isingezuia lile la tarehe 8 Septemba, kwa sababu msimbo ule ulikuwa ndani ya moduli yenyewe na ulifanya kazi kwenye kivinjari. Ukizima hati, vifurushi vinavyohitaji kukusanywa kwenye mashine, kama bcrypt za kabla ya toleo la 6, vitasakinishwa nusu na kufa wakati wa kuitwa. Viruhusu kimojakimoja: npm rebuild bcrypt --ignore-scripts=false. Orodha ya vinavyohitaji ruhusa huwa fupi, kwa kawaida haizidi vitano, na kuiandika kunakufundisha kitu kuhusu mradi wako.

Kisha kuna kuchelewa kwa makusudi. Tangu toleo la 10.16, pnpm, zana mbadala ya npm, ina kipengele cha minimumReleaseAge kinachohesabiwa kwa dakika. 10080 ni siku saba. Toleo lolote lililochapishwa chini ya muda huo haliingii. Matoleo mengi mabaya hugunduliwa ndani ya saa au siku chache, kwa hiyo wiki moja inakata sehemu kubwa ya hatari kwa gharama ndogo. Wapo wanaopinga kwamba ukichelewa utakosa marekebisho ya dharura, na hoja yao ina uzito: Desemba 2021, tundu la usalama la Log4Shell kwenye Log4j, maktaba ya Java ya kuandika logi, CVE-2021-44228, lilianza kushambuliwa mara tu lilipotangazwa, na hakuna aliyeweza kusubiri wiki. Jibu langu ni kwamba kuchelewa kuwe ndiyo kawaida, na kuwe na mlango wa wazi wa dharura, minimumReleaseAgeExclude, unaofunguliwa na mtu aliyesoma tangazo la usalama. Kupokea kila kitu papo hapo kwa hofu ya kukosa kimoja ni biashara mbaya.

Mahali panaposahaulika ni mitambo ya ujenzi. Machi 2025 kitendo cha GitHub (hatua ya ujenzi iliyoandikwa na mwingine) kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichokuwa kinatumika kwenye hazina zaidi ya 23,000, kiliingiliwa. Mshambuliaji alisogeza lebo za matoleo ya zamani zielekee kwenye msimbo wake, na msimbo huo ukamwaga siri kwenye logi za ujenzi. Aliyekuwa ameandika @v44 alidhani amefunga toleo. Lebo ya git ni kielekezi tu na mwenye mamlaka anaweza kukisogeza. Kisichosogezeka ni hashi ya komiti yenye herufi 40. Iandike hiyo baada ya alama ya @, na pembeni uweke maoni yanayotaja namba ya toleo ili wenzako wasome. Weka pia permissions: contents: read juu ya kila faili la ujenzi, na usiipe hatua ya kupima msimbo siri zinazohitajika na hatua ya kupeleka tu.

Hayo yote hayangezuia tukio la xz, zana ya kubana mafaili. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz yana mlango wa siri unaoilenga sshd, programu inayopokea wanaoingia kwa SSH. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde na kulikula nguvu ya kichakataji kupita kawaida. Mhusika aliyejiita Jia Tan alikuwa amechangia tangu 2021 mpaka akaaminiwa kutoa matoleo, huku akaunti nyingine zikimshinikiza kwa barua pepe mtunzaji wa awali, aliyekuwa peke yake na amechoka, agawe madaraka. Msimbo mbaya ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio yaliyobanwa, na kichochezi chake kilikuwa ndani ya tarball ya toleo (faili la chanzo lililofungashwa) tu. Kwenye git hakikuwepo. Mtu aliyekagua hazina mstari kwa mstari asingekiona.

Mafunzo ya vitendo niliyoyachukua hapo ni kwamba seva za uzalishaji zikae kwenye matoleo thabiti yanayokwenda polepole. Debian thabiti haikuguswa. Matawi yake ya majaribio ndiyo yaliyoguswa, pamoja na Fedora Rawhide. Na unapojenga programu mwenyewe kutoka kwenye chanzo, jenga kutoka git kwenye komiti inayojulikana, au walau ulinganishe tarball na git uone kilichoongezwa.

Kujua ulichonacho

Wakati wa Log4Shell swali lililowatesa watu halikuwa namna ya kurekebisha. Kurekebisha kulikuwa kubadilisha namba ya toleo. Swali lilikuwa: je, tunayo? Log4j ilikuwa ndani ya jar iliyo ndani ya jar nyingine, na utafutaji wa kawaida wa majina ya mafaili haukuiona. Orodha ya vipengele ingemaliza swali hilo kwa dakika moja. Tumia syft, zana inayoitengeneza, juu ya picha ya kontena ya mwisho, na si juu ya folda ya msimbo peke yake, kwa sababu picha inabeba pia maktaba za mfumo wa uendeshaji: syft jina-la-picha:toleo -o cyclonedx-json > orodha.json. Ihifadhi pamoja na kila toleo unalolitoa. Tundu likitangazwa, peleka orodha hizo kwa grype, zana inayotafuta matundu yanayojulikana, au tafuta jina la kifurushi ndani yake kwa grep ya kawaida.

Picha zenyewe pia zihifadhiwe kwako. Mwaka 2025 picha nyingi za Bitnami, watoaji wa picha za kontena zilizo tayari, zilizokuwa zikivutwa bure na kila mtu zilihamishiwa kwenye hazina ya kumbukumbu isiyopata masasisho, na miradi iliyokuwa ikizivuta moja kwa moja kila inapowaka ikaanza kushindwa kuwaka. Weka nakala kwenye hazina yako na uite picha kwa hashi ya sha256, siyo kwa latest.

Orodha hizi zinaelekea kuwa takwa la kisheria kwa anayeuza bidhaa zenye programu ndani ya Umoja wa Ulaya. Sheria ya Cyber Resilience Act ilianza kuwa na nguvu ya kisheria tarehe 10 Desemba 2024. Wajibu wa kuripoti matundu yanayoshambuliwa unaanza 11 Septemba 2026, tahadhari ya kwanza ikitakiwa ndani ya saa 24, na sehemu kubwa ya masharti mengine inaanza 11 Desemba 2027. Mzigo umewekwa kwa anayeuza. Anayetoa msimbo bure kwa kujitolea hakubebeshwa, na naona ni haki kabisa.

Watu walio nyuma ya msimbo

Novemba 2025 mradi wa Kubernetes, mfumo wa kuendesha makontena, ulitangaza kwamba Ingress NGINX, lango la mitandao linalotumika kwenye makundi mengi ya seva, litaacha kutunzwa Machi 2026. Kwa miaka lilitunzwa na mtu mmoja au wawili, baada ya saa za kazi na mwisho wa wiki. Hilo lilikuwa likijulikana na lilisemwa hadharani. Kampuni zilizokuwa zikipitisha biashara yake yote humo hazikuleta mkono wa kutosha.

Hali hii unaweza kuiona mapema. Chukua hazina ya kitegemezi muhimu na uendeshe git shortlog -sn --since="12 months ago" HEAD. Usisahau HEAD ukiiweka kwenye hati, la sivyo amri itasubiri kusoma kutoka kwenye ingizo. Majina ya roboti yatoe hesabuni. Ikiwa jina moja limebeba karibu komiti zote, angalia pia ni nani anayeunganisha maombi ya mabadiliko na tangazo la mwisho la usalama lilijibiwa baada ya muda gani. Fanya hivyo kwa vitegemezi kumi ambavyo vikifa mfumo wako unakufa. Kwa vyenye mtu mmoja, chaguo ni kumlipa, kumpa saa za mfanyakazi wako, au kuandaa mbadala. Kumlipa huwa rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani, na bado ndilo linaloachwa.

Na usimwongezee mzigo. Mwaka 2025 Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, zana ya kuhamisha data mtandaoni, alilalamika hadharani kuhusu mafuriko ya ripoti za matundu ya usalama zilizotungwa na akili mnemba, zenye lugha safi na tundu lisilokuwepo. Kila moja inamlazimu mtu halisi asome msimbo ili kuthibitisha kwamba ni uongo. Ukitumia zana hizo kutafuta kasoro, zitumie, lakini usitume kitu ambacho hujakifanya kitokee mwenyewe kwenye mashine yako.

Ripoti nzuri ina namba kamili ya toleo na namna ulivyolisakinisha, mfumo wa uendeshaji, amri uliyoiendesha ikiwa imenakiliwa kama ilivyo, ulichotarajia, na kilichotokea kikiwa maandishi, si picha ya skrini. Iambatane na mfano mdogo kabisa unaoonyesha kasoro: ondoa kutoka kwenye msimbo wako kila kitu ambacho kikitoka kasoro inabaki. Kama ilikuwa inafanya kazi kwenye toleo la zamani, endesha git bisect, amri inayotafuta komiti iliyoleta kasoro, kati ya matoleo hayo mawili. Komiti elfu moja zinamalizwa kwa majaribio yapatayo kumi. Ikiwa ni tundu la usalama, soma faili la SECURITY.md na utume kwa njia ya faragha iliyotajwa humo.